Mpagazi wa Ushahidi Aomba Ikama

Kwa Waheshimiwa wa Meza ya Maamuzi,
Dodoma.



Nawaandikia kutoka Tabora, mji wa miembe na misafara, kuwapongeza kwa jinsi mnavyoutunza ushahidi wa kitaalamu. Hauloi, hauliwi na mchwa, hausomwi.

Kazi yangu haina jina katika muundo wa utumishi, kwa hiyo nijieleze. Mtafiti wa afya akimaliza kuhesabu wagonjwa, mimi huchukua ripoti yake nene, nikaikamua ibaki kurasa mbili, nikaondoa maneno yanayomfurahisha mtafiti peke yake, nikaipeleka kwa mwenye kasma kabla bajeti haijafungwa. Mababu zangu Wanyamwezi walibeba frasila 2 za pembe hadi Bagamoyo, na misafara yao ikilipa hongo kwa watemi wa njiani. Mimi nabeba karatasi mbili tu, na watemi wangu ni katibu muhtasi, mkurugenzi msaidizi na warsha. Warsha ndiyo kali kuliko wote. Matokeo huingia humo yakiwa na afya njema, yakatoka yakiitwa maazimio.

Sisi wa huku tulionjeshwa mapema. Mwaka 1946 Waingereza walituma ujumbe wa John Wakefield kuangalia kama Tanganyika inafaa kwa kilimo kikubwa cha karanga. Wiki tisa ziliwatosha. Urambo yetu ikatiwa kwenye ramani pamoja na Kongwa na Nachingwea, mvua isichunguzwe vya kutosha, wala mwenyeji asiulizwe udongo wake ukoje kiangazi. Matrekta yakaja kwa kishindo. Mwaka 1951 mpango ukazikwa, umekula pauni milioni 36 hivi, na Urambo ikashika tumbaku. Ushahidi kuhusu tumbaku mnao, maana Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa kuidhibiti mwaka 2007. Ila ushuru wa zao hilo ni mtamu, nami sitaki kuwaudhi mapema hivi.

Tukaja kujitawala, tukaendeleza mila. Dalili za usugu wa malaria kwa klorokwini zilionekana Afrika Mashariki tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Klorokwini ilistaafishwa nchini mwaka 2001. Kubadili dawa ya taifa zima si jambo la kukurupuka, hilo nalikubali. Lakini kimelea hakikuwa na taarifa kwamba kikao kimeahirishwa.

Kinachoniuma ni kwamba mnaweza. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Afya ilishirikiana na Wakanada katika wilaya za Rufiji na Morogoro. Wahojaji walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amefariki na aliugua vipi. Majibu yakachorwa kwa namna ambayo mganga mkuu wa wilaya angeweza kuyaelewa akiwa amesimama. Mchoro ukatoa aibu hadharani: Morogoro, malaria ilikuwa ikichukua karibu asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, huku ikitengewa asilimia 5 tu ya bajeti. Hapakuhitajika mshauri mwelekezi kutoka ng'ambo. Timu za wilaya zikasogeza fedha kwenye vyandarua, zikawafunza wahudumu wa zahanati kumchunguza mtoto mgonjwa mwili mzima badala ya kukimbilia homa peke yake. Nyongeza iliyotumika haikufika dola 1 kwa kila mkazi kwa mwaka. Katika miaka mitano hivi, vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40. Mtafiti makini atawaambia si mchoro peke yake uliofanya hayo, na ni kweli. Lakini nionyesheni warsha iliyofanya nusu yake.

Au labda mnachokichoka ni sisi wabebaji. Wahenga walisema mjumbe hauawi, nanyi mmelitii neno hilo kikamilifu. Desemba 2016, Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, Dkt. Mwele Malecela, alitangaza kwamba utafiti umebaini maambukizi ya Zika nchini. Serikali ikasema hakuna mlipuko, na siku chache hazikupita, uteuzi wake ukatenguliwa. Hakuuawa; alitumbuliwa. Shirika la Afya Duniani likamchukua, akaongoza idara ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, hadi alipofariki mwaka 2022. Katikati ya hayo, mwaka 2018, Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu ili kuzipinga takwimu rasmi kwa takwimu nyingine kuwe kosa la jinai. Mwaka uliofuata likalegeza. Wenzangu walielewa somo. Siku hizi tokeo lisilopendeza hufungwa kwa sentensi moja salama: utafiti zaidi unahitajika.

Ombi langu ni dogo. Wekeni katika ikama ya kila halmashauri nafasi moja ya mtu wa kusoma tafiti, amfikishie mganga mkuu wa wilaya kurasa mbili kabla mpango kabambe wa afya haujasainiwa. Mshahara wake utoke kwenye fungu la warsha, halitapungukiwa. Wa hapa kwetu hatahitaji hata nauli: NIMR ina kituo hapahapa Tabora. Na akileta takwimu inayowachoma, mbishieni kwa takwimu nyingine mpaka jua lizame, mradi Jumatatu akikute kiti chake.

Wasalaam,
Mpagazi wa Ushahidi,
Tabora.