Mwalimu, Unapata Nini?

Mpira wa siku hizi hauna nguvu, na hapa sizungumzii ule wa Simba na Yanga. Nazungumzia tyubu. Nenda kwa fundi pancha yeyote, kuanzia Biharamulo mjini hadi Nyakanazi, mwombe kipande cha tyubu chakavu, kisha ukivute. Kinavutika kwa uvivu na kinarudi kwa uvivu zaidi, kama mwanafunzi aliyetumwa chaki ofisini. Ukikifunga kwenye manati, jiwe linatoka, linatafakari, linaanguka.

Lawama ziende Marekani. Mwaka 1937 wataalamu wa kampuni ya mafuta ya Standard Oil walibuni mpira wa kiwandani uitwao butili, ambao sifa yake kubwa ni kutopitisha hewa. Gurudumu linajazwa leo, na wiki ijayo bado lina upepo. Wenye magari wakashangilia, wenye baiskeli wakashangilia, na sisi watu wa manati hakuna aliyetuuliza. Mpira wa asili, ule unaotokana na utomvu wa mti, huvujisha upepo kidogo kidogo, lakini ukiuvuta na kuuachia unarudi kwa hasira. Hasira ile ndiyo iliyokuwa riziki yetu. Kama vile hilo halikutosha, zikaja tairi zisizo na tyubu kabisa. Malori yanapita hapa kwetu usiku na mchana kwenda mipakani Rusumo na Kabanga, yana magurudumu yasiyohesabika, na humo ndani hamna hata kipande cha kumtosha mtoto mmoja.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nina miaka arobaini na ushee, nina mke, nina mkopo wa benki, na mchezo wangu ni manati. Nimeona niseme mapema ili wa kucheka wacheke sasa tuendelee. Walimu wenzangu wana starehe zinazoheshimika: mmoja anafuga njiwa, mwingine anabishana. Mimi napanga makopo juu ya ukuta wa banda la kuku, narudi nyuma hatua zangu, nalenga. Kopo likisema "ngee!" moyo wangu unatulia. Hapo ndipo jirani yeyote anayepita njiani husimama na kuuliza: "Sasa Mwalimu, hapo unapata nini?"

Sijawahi kuona mtu anayetazama mechi ya Uingereza kwenye kibanda umiza akiulizwa anapata nini. Amelipa kiingilio, amebanwa kwenye benchi, timu yake imefungwa, anarudi nyumbani usiku amenuna. Huyo ni mwanamichezo. Mimi niliyetumia kokoto za bure, na nyumbani nimeshafika, ndiye wa kuhurumiwa.

Nililelewa Ngara, kwenye vilima, na kule kulenga tulijifunza kabla ya kuandika. Panda ya manati ilitoka kwenye mpera au kwenye mkahawa. Wajuzi walipenda mkahawa kwa sababu mti wake ni mgumu na hutoa panda zilizonyooka vizuri, ila baba zetu walipenda mkahawa kwa sababu nyingine, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Ngozi ya kushikia jiwe ilikatwa kwenye ulimi wa kiatu kilichostaafu. Kulikuwa na viatu vingi Ngara miaka ile visivyo na ulimi, na wenyewe hawakujua vilikwenda wapi. Asubuhi za Juni, ukungu ukiwa umelala mabondeni, mpira ulikuwa mzito kwa baridi, kwa hiyo tulitembea na manati kwapani hadi jua lipande. Kiangazi nacho kilikuwa na vita vyake: jua lilipasua mpira ukatoa nyufa ndogo ndogo, na dawa yake ilikuwa poda ya mtoto mchanga, kama nyumbani kulikuwa na mtoto mchanga na mama yake akiwa mbali.

Jumapili tulikwenda mafundisho. Kulikuwa na picha ya Daudi na Goliathi ambamo mchoraji alikuwa amempa Daudi manati ya panda, yenye mipira miwili kabisa. Tuliamini. Nimekuja kujua ukubwani kwamba Charles Goodyear aligundua namna ya kupika mpira kwa salfa mwaka 1839, na bila mpira uliopikwa hivyo hakuna manati ya kuaminika: mpira mbichi kwenye joto unanata, kwenye baridi unakuwa kigogo. Daudi alikuwa na kombeo, kamba ya kuzungusha kichwani. Nimejaribu kombeo. Jiwe la kwanza lilikwenda nyuma. Tangu siku hiyo heshima yangu kwa yule kijana imeongezeka kuliko mahubiri yote yalivyoweza kuiongeza.

Makopo ndiyo hatukuyakosa. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, na Benako, hapo hapo Ngara, ikawa mji wa turubai. Kwa mwaka ule sina mzaha. Ninachokumbuka kama mtoto ni kwamba baadaye makopo ya mafuta ya msaada yalienea wilaya nzima: yakawa milango, yakawa koroboi, yakawa vipimo vya maharage sokoni, na yaliyopinda sana yakawa yetu. Kopo lile lilikuwa kubwa na lilitoa mlio wa kengele. Haya ya nyanya ya siku hizi, ukiyagonga, yanaguna tu.

Kuna wanaoniambia, kama napenda kulenga, si nitafute bunduki kama mwanaume? Hawa ni watu wasiowahi kuijua safari yenyewe. Bunduki halali inaanzia serikali ya kijiji, inapanda kata, inakwenda polisi, inajadiliwa na kamati ya ulinzi na usalama, na njia nzima unaulizwa unaitakia nini. Nikijibu "kopo la nyanya" sidhani kama tutafika mbali. Gobole la kuchongewa porini ndilo sitaki hata kulisikia jina. Tena huku kwetu bunduki zina historia mbaya. Kuna miaka ambayo basi halikupita pori la Kasindaga bila askari wa kulisindikiza, na abiria walikaa kimya tangu mti wa kwanza hadi wa mwisho. Mtu aliyesafiri hivyo hana hamu ya kusikia mlio wa risasi kwa ajili ya burudani. Manati haina mlio, haina leseni, na ukiipoteza hakuna anayekutafuta.

Sasa niseme hamu ilivyoniishia, maana haikuisha kwa uzee kama inavyodaiwa na watu fulani wa nyumba hii.

Nilipohamia Biharamulo kikazi nilimkuta shemeji, kaka wa mke wangu, ana shamba la mahindi upande wa porini. Siku hizi pori lile limepanda cheo. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, kilomita za mraba 4,707, na sisi wa kandokando tunajivunia. Lakini tumbili hawakusomewa tangazo. Kwao mpaka wa hifadhi ni pale mahindi yanapoishia.

Shemeji aliniona siku moja nikiangusha kopo kwa mbali. Hakusema "hongera." Alitazama kopo, akanitazama mimi, akasema, "Kumbe tuna mtu." Neno lile ndilo lililoniua.

Nikawa mtu. Kila Jumamosi simu: "Shemeji, wameingia." Naacha chai, napanda bodaboda, nafika, nasimama katikati ya mahindi na umande hadi magotini. Sikuwa nawaumiza, nilirusha vidonge vya udongo vilivyokaushwa juani, nikigonga majani karibu nao ili wajue kuna mwenye shamba. Walijua upesi kuliko nilivyotaka. Mwaka 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha utafiti wao wa tumbili wa Amboseli, Kenya, wakaonyesha kwamba wanyama hawa wana mlio mmoja wa kutangaza chui, mwingine wa tai na mwingine wa nyoka. Wangekuja kwa shemeji wangesikia wa nne, wa Mwalimu. Mlinzi wao juu ya mti alikuwa akiutoa nikiwa bado nalipa bodaboda. Wote wanahama mti mmoja nyuma, mahali ambapo kidonge changu kinafika kimechoka, wanakaa hapo wanajikuna. Nikigeuka kwenda zangu, nao wanarudi kazini.

Hilo la tumbili ningelistahimili, maana adui mwenye akili ni heshima. Kilichonishinda ni binadamu. Nisipokwenda Jumamosi moja, Jumapili naambiwa, "Jana hukuja, wamemaliza mistari yote ya chini," kwa sauti ya mtu anayemsomea mshtakiwa. Majirani wa shemeji nao wakataka zamu. Mmoja akaleta hoja ya kuunda kikundi, chenye katibu na mweka hazina. Wakaniletea daftari niandike siku niliyofika, saa niliyofika na idadi ya tumbili niliowafukuza. Mimi naandaa maazimio ya kazi, naandaa andalio la somo, nasahihisha madaftari ya watoto zaidi ya mia. Halafu mchezo wangu nao una mahudhurio! Jioni ile nilitundika manati kwenye msumari wa stoo. Sikuigusa tena kwa miaka, na mpira ukakauka ukakatika wenyewe.

Miaka ile nilijaribu starehe nyingine. Drafti chini ya mwembe: wachezaji wawili, washauri kumi na watano, na ukishinda umeshinda kwa ushauri wao. Nikapanda mchicha, kuku wa jirani wakaushukuru. Nikajaribu kutotaka chochote. Hiyo ndiyo hatari zaidi, kwa sababu mwanaume aliyekaa tu barazani hutumwa.

Hamu ilirudi kazini, kwa mlango wa nidhamu. Shuleni kwangu mimi ndiye mwalimu wa nidhamu, na droo yangu ya chini ni makumbusho ya manati zilizokamatwa. Nyingi ni za aibu: panda za mti laini, mipira ya butili, ngozi za plastiki. Nazishika na kusikitikia taifa. Kisha ikaletwa moja kutoka kwa kijana wa darasa la tano. Panda ya mkahawa, imebanduliwa magome na kukaushwa bila kupasuka. Mipira imekatwa mipana upande wa panda na myembamba upande wa ngozi, jambo ambalo mimi nililigundua baada ya utoto mzima. Na mpira wenyewe ulikuwa rangi ya asali, laini, hai. Nikauvuta kidogo, kwa ajili ya ushahidi. Ukarudi kwa hasira.

"Mpira huu umeupata wapi?" nikamuuliza, kwa sauti ya nidhamu.

"Shikamoo Mwalimu. Kwa fundi baiskeli. Ni tyubu ya zamani, alikuwa anafungia mizigo."

Nilimpa adhabu ya kufagia, nikamwambia mzazi wake aje kuichukua manati, na baada ya kengele nilikwenda kwa fundi baiskeli kwa mwendo usioendana na cheo changu. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria mambo mabaya. Kila nikitolewa damu, yule wa maabara hunifunga mkono kwa ule mpira wa kukazia mishipa, na mimi siangalii sindano, naangalia mpira. Fundi aliniokoa. Aliniuzia kipande kwa bei ya mtu aliyeona macho ya mteja.

Sasa nalenga jioni baada ya kazi, nimevaa miwani, nikiwa na gololi za beringi mbovu mfukoni na gunia la mchanga nyuma ya makopo ili zisipotee. Napata wakati mwingine, nakosa wakati mwingine, na hakuna anayeandika. Mkono wa kushoto unatetemeka kidogo kuliko zamani, lakini nimegundua ukitoa pumzi nusu ukaizuia, unatulia.

Tatizo ni kwamba mlio wa kopo unasafiri. Mwenyekiti wa mtaa ameshapita na kuulizia popo walioko kwenye dari la ofisi. Mwalimu mkuu ameongelea maembe ya shule. Juzi akaja shemeji mwenyewe, ameshika kofia mkononi, amekaa kwenye kigoda akasifia chai kupita kiasi, mwisho akasema, "Shemeji, wamerudi. Tena safari hii na watoto wao." Akanyanyua kidevu kuelekea ukutani. "Hebu tupe moja tuone."

Nikasimama. Nikavuta, nikahema nusu, nikapiga ukuta hatua mbili kutoka kwenye kopo. Nikapiga tena, nikapata gunia. Ya tatu niliipeleka kwenye bati la banda, kuku wakatoka mbio. Kukosa kwa ustadi namna ile, bila kuvunja kitu, kunataka shabaha ambayo shemeji hataijua maisha yake yote.

Alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Umekwisha, Mwalimu," akasema, na nikakubali kwamba nimekwisha, macho hayo, umri huo. Akavaa kofia yake akaenda kutafuta mtu mwingine.

Mke wangu, Mama Neema, alikuwa amesimama mlango wa jikoni muda wote, mwiko mkononi. Alisubiri hadi bodaboda ya kaka yake iliposikika mbali.

"Ukishamaliza kuzeeka," akasema, "kuna mwewe anamaliza vifaranga vyangu."