Mgonjwa Hasemi, Madaktari Wamejaa

Kompyuta ya mezani ikiugua inakuwa na adabu. Italia, itaandika maneno meupe kwenye kioo cheusi, itakutukana kwa namba na herufi, lakini angalau itasema. Raspberry Pi haina mazoea hayo. Ni kijibao cha kijani kinachokaribia ukubwa wa kadi ya benki, hakina kioo, na cha toleo la Pi 2 hakina hata kitufe cha kuwashia; lugha yake yote ni taa mbili: nyekundu inayosema umeme umefika, na ya kijani inayokonyeza kila inaposoma memori kadi. Nyekundu ikiwaka na kijani ikanyamaza, basi mgonjwa yu hai ila hasemi anaumwa wapi. Na mgonjwa wa namna hiyo hakosi madaktari mjini Tanga.

Walioibuni kule Cambridge, Uingereza, akina Eben Upton, walikuwa na nia njema kabisa. Waliiingiza sokoni kwa dola 35 ili watoto wajifunze kuandika programu bila kuogopa kuua kompyuta ya baba. Tarehe waliyochagua ni 29 Februari 2012, siku inayokuja mara moja kwa miaka minne. Mtu mwenye hekima angeshtukia hapo hapo.

Shangazi yangu hakuwamo katika hesabu zao. Ana mgahawa Ngamiani, na safari moja alipokwenda Dar es Salaam aliona mahali TV ya ukutani ikionyesha vyakula vya siku vikipita kimoja kimoja na bei zake. Akarudi na ile TV rohoni.

"Mwanangu, wewe si umesomea haya mambo?"

"Shangazi, mimi nimesomea uhasibu."

"Si hukohuko kwenye kompyuta?"

Raspberry Pi 2 tuliipata kwa mtu, imeshatumika. Memori kadi alikwenda kuinunua shangazi mwenyewe, kwa sababu katika ukoo wetu mimi siruhusiwi kununua hata nyanya. Nasemekana nina uso wa kulipa. Alirudi amejaa furaha. Kadi iliandikwa GB 64, na yeye alikuwa amembana muuzaji mpaka akaitoa kwa bei ya GB 8. Mkumbuke mapatano hayo.

Siku ya kwanza ilikuwa harusi. Pilau likapita, wali samaki ukafuata, sambusa zikaja nyuma yake, na watu waliokuwa wamekaa na sahani za pilau halisi mbele yao waliacha kula wakatazama la kwenye TV. Kulipokucha, kimya. Taa nyekundu ipo, ya kijani haikonyezi, na TV imeandika kwamba haioni kitu.

Wa kwanza kufika alikuwa fundi simu wa kibanda cha jirani. Aliigeuza Pi, akafinya jicho moja, akatoa hukumu ileile anayoitoa kwa kila simu tangu nimfahamu: "IC hiyo imekufa. Niipulize?" Kupuliza ni kuichoma kwa ile bunduki yake ya hewa moto. Nikaikumbatia Pi kama mtoto wa mtu.

Fundi umeme yeye hakuishika kabisa. Aliifuata chaja. Ilikuwa chaja ya simu, waya wake mwembamba, mrefu, umepinda pembeni mwa friji. "Umeme unaofika mdogo," akasema, na kwa hili nampa haki yake. Kwenye Pi 2, umeme ukishuka chini ya volti 4.63 ile taa nyekundu inazimika, na yetu ilikuwa inapepesa kila friji likinguruma. Tukaleta chaja ya maana na waya mfupi. Nyekundu ikatulia tuli. Kijani bado imenuna.

Kisha barazani, kwenye kahawa na kashata, mzee mmoja ambaye hajawahi kushika hata rimoti alimaliza kesi kwa neno moja: hasadi. Mtu ameitazama TV ya shangazi kwa jicho baya. Dawa yake ni kuifunika. Tukacheka, naye akaagiza kahawa nyingine bila kutujibu.

Inafaa niseme kinachotokea pale Pi ya aina hii inapopewa umeme, kwani ni kioja. Wa kwanza kuamka ndani ya chipu si ubongo mkuu. Ni ile sehemu ya kuchora picha. Ubongo mkuu umelala fofofo, mchoraji ndiye anayekwenda kwenye memori kadi kutafuta faili liitwalo bootcode.bin. Akilipata, linamtuma kwa start.elf, start.elf naye husoma config.txt, kisha hupakia kiini cha mfumo, kernel7.img, na hapo ndipo mkubwa wa nyumba anaamshwa, kazi nusu imekwisha. Bootcode.bin isipokuwepo, hapana kukonyeza. Start.elf ikikosekana, taa ya kijani hukonyeza mara nne. Kiini kikikosekana, mara saba. Na kama kiini kipo lakini kimeoza, unabakiwa na mraba wa rangi zote za upinde wa mvua, umeganda kwenye TV.

Sisi tulipata vyote. Hicho ndicho kilichonitoa akili. Nikiandika mfumo upya kwenye kadi, Pi inawaka vizuri na pilau linapita mchana kutwa. Usiku linatokea la kutokea. Asubuhi moja mikonyezo minne, asubuhi nyingine saba, nyingine kimya cha makaburini. Ule mraba wa rangi ulikaa ukutani tangu supu ya asubuhi hadi chai ya jioni, na mteja mmoja akauliza kwa heshima kama tumeanza kuuza rangi za nyumba.

Mshukiwa mkuu alikuwa shangazi. Pi haipendi kuchomolewa ghafla. Umeme ukikatika wakati inaandika, mafaili huweza kuharibika, na shangazi akifunga mgahawa huchomoa kila kitu ukutani, hata kisichochomekwa. Nikamwekea utaratibu: kwanza izime kwa kubonyeza hapa, subiri taa ya kijani iache kukonyeza, ndipo uchomoe. Akaufuata kwa unyenyekevu wa kutisha. Alikuwa akisimama mbele ya kijibao na kandili mkononi, akihesabu mikonyezo kwa sauti kama anayehesabu chenji. Asubuhi, imekufa vilevile. Akaniangalia. Sikuwa nimeangaliwa hivyo tangu siku ya matokeo ya darasa la saba.

Ndipo zamu ya kadi ikafika. Kuna programu inaitwa F3, kazi yake ni kufichua memori za uongo: inaijaza kadi yote hadi ukingoni, kisha inarudi kusoma ilichokiandika. Inachukua muda wa kupika makongoro. Majibu yalipotoka, ile GB 64 ilikuwa na karibu GB 8 za kweli, basi.

Ndani ya memori kadi kuna kichipu kinachosimamia hifadhi, na cha kwetu kilikuwa kimefundishwa kusema uongo. Fikiria gesti yenye vyumba vinane ambayo kitabu chake cha wageni kina vyumba sitini na vinne. Mgeni wa chumba cha tisa anapewa ufunguo kwa tabasamu, anapelekwa chumba cha kwanza, na aliyelala humo anatupwa dirishani. Sasa, mfumo wa Pi ukiwaka mara ya kwanza hujitanua ujaze kadi nzima, kwa kuwa umeamini kitabu. Kila ulipoandika kitu mbali huko kwenye vyumba hewa, ulikuwa unamwangukia mtu wa chumba cha kwanza. Na aliyelala chumba cha kwanza ni bootcode.bin na ndugu zake.

Nilimpelekea shangazi habari hii nikitarajia moto. Hakukasirika hata kidogo. "Nililipa bei ya GB 8?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na ndani mna GB 8?"

"Ndiyo."

"Sasa mimi nimeibiwa nini?"

Kadi mpya aliinunua dukani, na risiti akaidai. Pi ikawaka, ikalala, ikaamka. Ilibaki kasoro moja ndogo: haina saa yake yenyewe wala betri ya kuitunza, na mgahawa hauna intaneti, hivyo kila asubuhi iliendelea na saa ileile aliyoizimia shangazi jana yake. Siku zikaanza kuchelewa. Kuna Ijumaa ilitangazwa kuwa Jumatano, na waliokuja kwa ajili ya biriani ikabidi waonyeshwe sufuria.

Kwa furaha, shangazi akamwita mpiga picha wa studio, mwenye kamera ya kweli na flashi kubwa, apigwe picha chini ya TV yake. Simu zetu zilishaipiga ile TV picha nyingi pasipo tatizo. Pi ilikuwa imening'inia kwenye msumari, uchi, ipate upepo. Mpiga picha akasogea karibu, flashi ikalipuka, na TV ikawa nyeusi tii.

Hili halikutokea kwetu kwanza. Februari 2015, Pi 2 ikiwa ndiyo kwanza imetoka, watu waliigundua tabia hii: ukiipiga picha kwa flashi ya zenoni, inazimika na kuanza upya. Kuna kichipu kidogo cha kuratibu umeme, U16, ambacho silikoni yake iko wazi, na mwanga mkali ukiipiga unasukuma umeme usiotakiwa ndani yake. Ni jamaa wa lile jambo la mwanga na umeme lililompatia Einstein Nobel ya 1921. Flashi za simu nyingi ni za LED, hazina ubavu huo. Dawa ni kukiziba kichipu kisipigwe na mwanga.

Nilipokuwa nikieleza haya, madaktari wote walishajaa mlangoni. "IC!" akapaza sauti fundi simu. "Nilisema IC!" Fundi umeme akawakumbusha watu kwamba kichipu chenyewe ni cha umeme. Mzee wa barazani hakusema kitu. Aliiacha kahawa yake, akaingia, akaangalia kamera, akaangalia Pi, akaniangalia mimi mwenye shahada.

"Jicho," akasema. "Nilisema muifunike."

Shangazi akaingia jikoni, akatoka na kawa, akaitundika juu ya Pi. Mpiga picha akarudia. Flashi ikalipuka, na pilau likaendelea kupita. Picha hiyo sasa iko kaunta: shangazi anatabasamu, begani kwake kuna kawa imebandikwa ukutani, na wageni huuliza chakula gani kimewekwa huko juu.