Kori Nane, Mpagazi Mmoja

Hongera, fundi wetu wa Linux. Umeshuka Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, umebishana bei mpaka muuzaji akaacha kukuita bosi, ukarudi na kompyuta ya mezani yenye kori nane na feni za taa za rangi.

Sasa unakompaili. Umeandika make, tupu, ukaenda kunywa chai. Programu hiyo isipoambiwa, hufanya kazi moja baada ya nyingine. Yaani umekodi wapagazi wanane pale Msimbazi: mmoja anabeba marobota, saba wanacheza drafti, nawe unalalamika mzigo hauendi!

Dawa ni make -j8, ilimradi RAM itoshe. Haiuzwi dukani. Ccache nayo ni ya bure: hutunza matokeo ya jana, ili faili ambalo hukuligusa lisikompailiwe upya. Tatizo, vya bure havina boksi la kupigia picha ya kuweka Instagram.

Basi kanunue feni ya nne, mheshimiwa. Ila kabla ya kufungua pochi, fungua mwongozo: andika man make. Kusoma hakutozwi VAT.