Namna ya Kukosea kwa Ustadi: Mwongozo kwa Seli B ya Kariakoo

Haya, seli B, kazi imekuja. Mwenye mwili wako ni machinga wa Mtaa wa Kongo, na mchana kweupe ameumwa na mbu wa Aedes aliyezaliwa kwenye maji ya mvua ndani ya tairi bovu. Kirusi cha dengue kimeingia, kilekile kilicholaza watu Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Kingamwili unayotengeneza inakishika, ila kwa ulegevu.

Ingia kwenye tezi ya limfu, ile ikivimba tunasema mtu ana mtoki. Humo mwite AID, kimeng'enya kilichotangazwa na maabara ya Tasuku Honjo, Japani, mwaka 1999. Yeye hugeuza herufi C ya DNA kuwa U, herufi isiyo na makazi humo. Mchunge abaki kwenye jeni za kingamwili. Akizurura na kugusa jeni nyingine, saratani ya limfu inaweza kuanzia hapo.

Warekebishaji wa DNA watafika mbio. Kazi ya kunakili upya mpe polimerasi eta, tena usimkemee akikosea, kwani ndicho ulichomwitia. Huyu ndiye anayetulinda na jua: mwanga ukiunguza DNA ya ngozi, wanakili makini hukwama, yeye hupita. Kwako ataacha makosa, hasa penye A na T. Kwa jumla utapata kosa kama moja kwa kila herufi elfu unapogawanyika, takriban mara milioni ya kawaida.

Mengi yatakuharibia. Kwa hiyo fanya kama fundi ufunguo: chonga, jaribu kwenye kufuli, chonga tena. Nyakua kipande cha kirusi, kipeleke kwa seli T msaidizi. Aliyeshika vizuri huruhusiwa kurudi kugawanyika. Aliyeshindwa hufa, na hapa hakuna kubembelezana.

Ukitaka kuona ufundi huu unafika wapi, tazama Kilifi, Kenya. Mwaka 2016 jarida la Nature lilieleza kingamwili za wakazi wa huko zilizobeba kipande cha jeni ya LAIR1, kilichohamia kutoka kromosomu nyingine kabisa. Kwa asili kipande hicho hushika kolajeni, protini ya mwili wenyewe. Makosa yaliyorundikana juu yake yalikifanya kiiachie kolajeni, kikang'ang'ania chembe nyekundu za damu zilizovamiwa na vimelea vya malaria.