Sifa za Pengo

Wenye majumba na wasifu majumba yao, wenye vyeti wasifu vyeti. Mimi mpiga chapa wa Gasenyi, kaskazini mwa Bujumbura, mwenye kompyuta moja, mashine ya fotokopi inayokohoa na benchi la wateja watatu, leo nalisifu pengo. Nasema ile miaka inayokosekana kwenye sivi (seve, kama tunavyoiita tuliosomeshwa kwa Kifaransa), pale kazi moja inapokoma 2015, nyingine inaanza 2019, na katikati hapana kitu, peupe kama sinia lililolambwa.

Kwanza uzuri wake. Mtu akizaliwa na uwazi kati ya meno ya mbele, Mswahili anauita mwanya, Mrundi anauita inyinya, na mwenye nao hacheki kwa kufumba mdomo. Jino likivunjwa, uwazi ni ule ule lakini jina linageuka kuwa pengo, na mkono unakimbilia kinywani kufunika. Tofauti ni aliyeuweka: Mungu au ngumi. Waajiri wetu wakiuona hawaulizi habari ya ngumi. Wanamuuliza mwenye jino.

Halafu nasaba, maana asifiwaye lazima ajulikane ni wa ukoo gani, na pengo lina ndugu wakubwa ziwani kwetu. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa ndani ya masanduku, ikaungwa tena Kigoma kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha adui asiipate, baada ya kuzipaka injini grisi nyingi. Ilikaa chini hadi 1924 Waingereza walipoiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Niichapie sivi yake: 1916–1924, chini ya maji. Hakuna ofisi iliyoitaka ieleze ilikuwa ikifanya nini huko, wala iliyodai barua ya samaki kuthibitisha tabia njema.

Yuko pia Livingstone. Aliingia bara mwaka 1866, habari zake zikapotea, mpaka Stanley akamkuta Ujiji mwaka 1871. Wakapanda mtumbwi pamoja kuja upande huu kuchungulia kama mto Rusizi unatoka ziwani kwenda Nile. Wakaona maji yanaingia, hayatoki. Basi yule mzee hana mshahara, hana anwani, miaka mitano anazunguka, na safari yenyewe imempa jibu asilolitaka. Kwa lugha ya ofisi za mjini huyo ni mzururaji. Sisi tuna jiwe lake Mugere, kusini mwa mji, limechongwa majina yao wote wawili, na wageni wanalipiga picha.

Nikitoka hapa kibandani nikainua macho, naliona jumba la rais, Ntare Rushatsi, lililojengwa na Wachina na kukabidhiwa mwaka 2019. Rais wa wakati huo, marehemu Pierre Nkurunziza, alikuwa akifundisha michezo chuo kikuu hadi 1995, akaingia msituni, na mwaka 2003 akarudi mjini akiwa waziri. Miaka minane, sawasawa na Liemba. Siasa siijui mimi. Miaka ndiyo ninayoihesabu, ndiyo kazi yangu.

Tatu, ukarimu. Pengo halimfukuzi mtu. Amekuja kwangu dereva wa teksi akitaka niandike kuwa amekaa foleni ya mafuta, na tukihesabu siku alizolala kwenye usukani tangu 2022, anastahili pensheni. Amekuja dada aliyekuwa Muscat miaka miwili. Nikamuuliza, "Dada, hapa niweke nini?" Akasema, "Weka nilikuwa nyumbani." Nikaweka. Kisha akaongeza polepole, "Nyumba ya watu." Amerudi na Kiarabu cha kugombana na muuza samaki hadi bei ishuke, na amelea watoto watatu wasio wake. Kwenye karatasi alikuwa amepumzika.

Vijana wa Ulaya wakimaliza sekondari huchukua mwaka mzima wa kuzunguka dunia, na wakirudi wanaupandisha juu kabisa ya sivi, eti umewakomaza. Siwaonei wivu, au nawaonea kidogo. Wapo waliovuka ziwa hili kwa Liemba, wamekata tiketi kwa hiari, wakaandika kuwa ni wasafiri. Mei 2015 Liemba hiyo hiyo ilikuwa ikienda Kagunga, kijiji cha Tanzania mpakani, kuwapakia Warundi waliokimbia makwao na kujazana ufukweni kwa maelfu na kuwapeleka Kigoma. Hao nao walisafiri. Meli moja, maji yale yale, na upepo haukuwachagua.

Mmoja wao alikaa kwenye benchi langu juma lililopita. Alikuwa mtunza fedha wa duka; akakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hadi 2019.

"Mzee," akaniambia, "hapa kati paache hivyo hivyo."

"Kijana wangu, huko ulikuwa ukifanya nini?"

Hakuwa akifanya kazi, akasema, maana mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali kwenda kutafuta kazi. Nikatulia hapo. Sheria imemfungia asifanye kazi, na leo karani wa mjini atamkazia macho akimwuliza kwa nini hakufanya. Nikaendelea kumchokonoa, ndipo akakumbuka, kama mtu anayekumbuka deni dogo, kwamba alikuwa akisaidia kuandika mgao wa kundi lake: unga, maharage, mafuta, chumvi, familia kwa familia, miaka mitatu. Kikombe kikipungua, akina mama wanakuja wenyewe na kikombe mkononi. Nimewachapia wahasibu wengi, na sijaona aliyekaguliwa na mkaguzi mwenye njaa.

Nikachapa kwa herufi nzito: 2015–2019, Nyarugusu, Kigoma, mtunza hesabu za mgao. Nikajiona nimemtendea haki. Akakisogelea kioo, akasoma akifuata kwa kidole.

"Mzee, toa Nyarugusu. Acha Kigoma."

Nikatoa.

"Na mgao toa."

Ikabaki Kigoma, mtunza hesabu. Akaitazama tena, akauliza wakimwuliza hesabu za nani atasema nini, na mimi sikuwa na jibu la haraka. Akaniomba nifute mstari wote.

Mstari huo ndio uliokuwa umeisukuma sahihi yake hadi ukurasa wa pili. Ulipofutika, kila kitu kikapanda juu, nikamtoza ukurasa mmoja.