Kungwi wa Tovuti Anajibu: Matangazo Yaanze Lini?

Wari wa siku hizi wanafundwa na TikTok, kwa hiyo mimi kungwi wenu nimehamia kwa wenye tovuti. Kazi haijabadilika sana. Nao wanataka kuhesabu mahari kabla mposaji hajapiga hodi. Mwezi huu barua karibu zote zinauliza jambo moja, basi tukae kitako tulimalize.

*Kungwi, shikamoo. Nimefungua tovuti ya kuchambua mechi za Ligi Kuu. Ina wiki mbili na inapata wageni 14 kwa siku. Kaka yangu anasema kila siku inayopita bila matangazo ni hela inayomwagika. Niweke lini? – Mwenye Haraka, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Kwanza katika hao 14 mtoe kaka yako, ujitoe na wewe, kisha uitoe simu yako ya pili. Lakini kwa heshima ya familia tuwaache wote 14, na tuseme kila mmoja anafungua kurasa mbili. Hizo ni kurasa 28 kwa siku. Tuseme tena, kwa ukarimu wangu tu, kwamba kila kurasa elfu moja zinakuletea nusu dola. Google AdSense haikutumii malipo mpaka ufikishe dola 100, yaani kurasa laki mbili. Gawanya mwenyewe: ni karibu miaka 20. Hela anayoiona kaka yako ikimwagika haijai hata kijiko.

Wakati huohuo gharama unaanza kuilipa leo. Tangazo linaongeza uzito wa ukurasa, na msomaji wako wa Tabata anaufungua kwa bando alilonunua kwa shida. Mgeni wa kwanza akikuta ukurasa unasuasua, hakuandikii barua ya malalamiko. Anaondoka tu. Tena mitandao ya matangazo hukagua tovuti kabla ya kuipokea, na yenye makala nne na ukurasa ulioandikwa "inakuja hivi karibuni" hurudishwa mlangoni.

Sasa lini? Watu watakutajia umri, miezi mitatu au sita. Mimi siamini umri, maana kuna tovuti zina miaka mitano na hazijawahi kupata msomaji. Kipimo changu ni hiki: kaa wiki nzima usitume kiungo kwenye kundi lolote la WhatsApp, usikibandike Facebook, wala usimkumbushe shemeji. Andika makala zako kama kawaida, kisha unyamaze. Wiki ikiisha, angalia waliokuja. Hao ndio wasomaji wako. Waliobaki walikuwa wanakustahi. Kama wanaokuja bila kuitwa wanaongezeka mwezi hadi mwezi, na kwa hesabu ya kweli wanaweza kulipia jina la tovuti na nafasi unayokodi kwenye seva, weka tangazo moja. Nimesema moja, mwanangu.

Na kabla ya hapo waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kama unachoandika kinahitaji leseni. Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni tangu 2018, na ada ya leseni ndiyo hesabu ambayo kaka yako hakukutajia.

*Shikamoo Kungwi. Nina tovuti ya mapishi ya pwani kwa Kiswahili, mwaka wa tatu sasa. Wasomaji wapo, wengine wananiandikia kutoka Muscat. Kila mwezi nalipia seva kutoka mfukoni mwangu, lakini naona haya kuweka matangazo. Nahofia watasema nimebadilika. – Mwenye Haya, Likoni*

Marahaba, bibi. Wewe ndiye mgonjwa wangu hasa, kwa sababu wa Tabata atapona mwenyewe akishachoka kusubiri.

Hofu yako si ya bure. Mwaka 2002 waliokuwa wakiandika Wikipedia ya Kihispania walisikia tu kwamba huenda matangazo yangewekwa. Hayakuwa yamewekwa, yalikuwa fununu. Wengi wao walifungasha kazi zao wakaenda kuanzisha kamusi elezo nyingine, Enciclopedia Libre, kule Sevilla. Hadi leo Wikipedia haina matangazo, inaishi kwa michango. Upande wa pili kuna HotWired, tovuti ya jarida la Wired la Marekani, iliyofunguliwa Oktoba 1994 ikiwa na mabango ya biashara tangu siku ya kwanza, likiwemo lile maarufu la AT&T. Hapo hapakuwa na wa kuhama, maana aliyeingia aliyakuta mabango ukutani.

Tofauti yao ni nini? Wale wa Kihispania walikuwa wametoa jasho lao bure, wakijua hakuna atakayelichuuza. Wa HotWired hawakuahidiwa lolote. Kwa hiyo jiulize uliwaahidi nini wasomaji wako. Kama uliandika mahali "hapa hakuna matangazo, milele", hilo ni deni. Kama hukuandika, unaona haya kwa ahadi ambayo hakuna aliyekudai.

Waambie mapema, kwa mistari mitatu: seva inalipiwa kwa fedha, kuanzia mwezi ujao kutakuwa na tangazo moja chini ya kila pishi, asiyependezwa aniandikie. Halafu uliweke chini kweli. Ukilipachika kati ya viungo na namna ya kupika, mtu ana mikono yenye tui anateleza kwenye kioo cha simu, anajikuta anasoma habari za mikopo huku kitunguu kinaungua. Huyo hatarudi, na sitamlaumu.

Lakini wewe nisingekupeleka moja kwa moja kwenye mtandao wa matangazo. Nenda Marikiti. Kuna watu pale wanauza iliki, mdalasini na pilipili manga, nawe una wasomaji wanaotafuta vitu hivyo usiku wa manane. Muuza viungo mmoja akikulipa kwa mwezi, kwa bei mliyopatana ana kwa ana, huenda akakutosha kuliko maelfu ya matangazo ya vitu wasivyovihitaji wapishi. Na ukishaingiza chochote, mhasibu akukumbushe kwamba Kenya, tangu sheria ya fedha ya 2023, inakata asilimia 5 kwenye malipo ya mkazi anayepata fedha kwa maudhui ya kidijitali. Usipige hesabu ya gauni kabla ya kukatwa.

*Kungwi, niliweka matangazo yanayofunika kioo kizima, kisha video inajicheza yenyewe na sauti. Wiki ya kwanza mapato yalipanda. Sasa wasomaji wanapungua. Ni uhasidi? – Mwenye Mikosi, Morogoro*

Si uhasidi, baba. Ethan Zuckerman, Mmarekani aliyeandika programu ya mwanzo ya dirisha la tangazo linaloruka lenyewe, aliomba radhi hadharani mwaka 2014. Wewe unalifufua wakati mwenyewe alishatubu. Kivinjari cha Chrome tangu Februari 2018 huyazuia matangazo kwenye tovuti zinazoshikilia usumbufu wa aina hii: video zenye sauti zisizoombwa, madirisha yanayofunika, au matangazo yanayozidi asilimia 30 ya urefu wa ukurasa kwenye simu. Hukuanza mapema wala kuchelewa. Ulianza kwa fujo. Yaondoe yote, kaa mwezi mmoja ukurasa ukiwa mweupe, kisha urudi na moja.

*Kungwi, nimewaomba binamu zangu wote wabofye matangazo kila asubuhi kabla ya chai. Salio limefika dola 9. Niwaongeze na majirani? – Mjanja, Tanga*

Waambie wanywe chai. Kubofya matangazo yako mwenyewe, au kuwatuma watu wayabofye, ni njia fupi ya kufungiwa akaunti, na ukishafungiwa hizo dola 9 utazisikia tu. Isitoshe, tangu 2024 AdSense hulipa zaidi kwa tangazo kuonekana, kwa hiyo binamu zako wamechoka vidole kwa mtindo wa zamani. Ungefika dola 10 kwa halali, Google ingekutumia barua ya posta yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani yako. Ningekushauri uulize leo ufunguo wa sanduku la posta la ukoo uko kwa nani.

*Kungwi mpendwa, mimi na mume wangu tuna nyumba ya wageni Jambiani, vyumba sita. Tovuti yetu ni mpya. Mume anataka tuanze na matangazo ili tovuti ijilipie. Tayari ameyaweka kwa majaribio na jana nimeona tangazo la hoteli ya jirani, juu kabisa, penye picha ya kitanda chetu. – Mke wa Mwenye Vyumba*

Bibi wee! Mtandao wa matangazo unasoma ukurasa, unaona "kitanda", "ufukwe", "Jambiani", unamletea mgeni kitu kinachofanana. Umefanya kazi yake vizuri mno. Kwa senti chache mnamchukua mtalii aliyekwisha kufika sebuleni kwenu, mnampeleka kwa jirani na mizigo mnambebea.

Tovuti inayouza kitu chake haina siku ya kuanza matangazo ya wengine. Ijilipie kwa chumba kimoja kilicholaliwa. Mwambie mume ayatoe leo, kabla ya chakula cha usiku, na akiuliza nani kasema, mtajie mimi. Halafu mpandishe bei ya hicho chumba chenye kitanda kizuri, maana hata hoteli ya jirani imelipa ili ionekane karibu nacho.