Kioo cha Nani?

Kabati lilitoka Keko. Hilo halina ubishi, maana mwenyewe alilitangaza mara nne ndani ya dakika moja: kabati la Keko, milango mitatu, mninga mtupu, la kumpelekea binti yake anayeolewa. Lilikuwa limesimamishwa juu ya guta, limefungwa kwa kamba moja, na guta lilikuwa linashuka kilima cha mtaa wetu, hapa Dar es Salaam, kwa mwendo ambao kijana aliyelishika usukani hakuuchagua yeye. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara nasubiri chapati. Kigari changu, Vitz ya kijivu, kilikuwa kimeegeshwa kwa adabu zake zote, kimezimwa, hakimwangalii mtu.

Mwanzo sikuuona. Niliona mwisho: guta limelala ubavu, na kabati limeegemea mgongo wa Vitz kama mlevi aliyekutana na shemeji yake. Kioo cha nyuma cha gari kilikuwa kimemwagikia kwenye buti, punje punje. Kioo cha kabati, kile kirefu cha mlango wa kati ambacho bibi harusi angejitazamia, nacho kilikuwa barabarani, vipande. Mama mwenye kabati akafungua kanga ya kiunoni, akaitandika chini, akakaa, akalia kilio cha msiba hasa. Watu wakajaa. "Pole mama, pole sana mama." Mimi sikupata hata pole ya bahati mbaya. Muuza chapati aliniangalia kwa masikitiko akaniuliza, "Kaka, sasa gari lako limefuata nini kwenye kabati la mama wa watu?"

Vioo viwili. Shikeni hapo hapo.

Trafiki alikuja, akapima kwa futi, akachora ramani. Niliichungulia begani kwake. Kabati lilikuwa kubwa kuliko gari, guta lilikuwa na magurudumu mawili, na mimi sikuwemo. Kisha sote watatu, mimi, mama na kijana wa guta, tukaambiwa twende kituoni. Kituo sitakitaja. Kilinikarimu vizuri tu, tena benchi lake nalifahamu sasa kuliko kochi la sebuleni kwangu.

Kama hujawahi kufika kaunta ya polisi, nikupe picha. Kuna kitabu kikubwa kilichobandikwa solotepu mgongoni, na kuna kalamu iliyofungwa uzi ili isihame. Kila taarifa inayoletwa inaandikwa humo na kupewa namba, ndiyo hiyo watu wanaiita RB. Mambo yakikua, likafunguliwa jalada la upelelezi, jalada nalo linapata namba yake, IR. Kwa hiyo mtu akikuuliza "Una RB?" usimwambie "Nina kesi." Sivyo. Una mstari kwenye kitabu.

"Jina?" afande wa zamu akauliza. "Umri? Kabila? Dini? Kazi?" Tukajibu watatu kwa pamoja. Mama alikuwa bado analia, kijana anaapa kwa mama yake mzazi kwamba breki zilikuwepo asubuhi, na mimi natamka kabila langu kwa sauti ya juu huku najiuliza linahusiana vipi na kioo. Lakini mtu habishani na kalamu. Afande aliandika muda mrefu, kwa utulivu, kama mtu anayesikiliza redio, halafu akachana kikaratasi cha ukubwa wa tiketi ya daladala, akaniandikia namba. Nikakitia mfuko wa nyuma wa jinzi.

Jinzi ilifuliwa Jumapili.

Nilichojifunza hapo nakitoa bure: kikaratasi cha RB kipige picha kabla hujatoka mlangoni, kisha mtumie mtu mwenye akili kukuzidi. Mimi nilibaki na kidonge cheupe chenye alama ya buluu iliyoweza kuwa saba, moja, au sehemu ya jina la mke wangu.

Bahati nzuri gari lina bima kubwa. Kampuni ya bima ikataka ripoti ya polisi ya ajali, ile PF90, nikazungushwa wiki mbili, nikaipata. Nilipoingia na karatasi yenye muhuri kwenye ofisi yao yenye kiyoyozi, nilijiona nimemaliza. Dada wa madai akaisoma taratibu, kidole juu ya kila mstari. Kidole kikasimama.

"Baba, hapa wameandika 'kioo kimoja kilivunjika'."

"Ndiyo, dada. Cha gari."

"Hawajasema cha gari. Wameandika 'kabati lilianguka na kioo kimoja kilivunjika'. Sisi hatujakatia bima kabati."

Nikamweleza kwamba vilivunjika viwili. Akaniuliza, kwa upole ulionimaliza nguvu, sasa kwa nini kimeandikwa kimoja. Kiswahili kimenilea, lakini siku hiyo kilinitupa. Lugha yenye neno lake kwa wali, lake kwa mchele, lake kwa mpunga, na jingine kwa ukoko ulioshika sufuria, ikifika kwa anachojitazamia bibi harusi na anachochungulia dereva akirudi nyuma, inasema kioo, basi. "Lete nakala ya maelezo ya kwenye kitabu," dada akahitimisha. "Yale uliyotoa siku ya kwanza."

Nikarudi kwenye benchi langu.

"Unataka kuona kitabu?" afande akashangaa. "Cha nini?"

"Nataka kujua nilichosema, afande."

"Wewe mwenyewe hukumbuki ulichosema?"

Nakiri sikuwa na jibu. Ukisema unakumbuka, hukihitaji kitabu. Ukisema hukumbuki, kwa nini uaminiwe? Akanipeleka kwa afande wa pili, ambaye alisikia neno ajali akashika fomu nyingine kabisa. "PF3 hiyo. Nani kaumia?" Nikamwambia gari. Akairudisha fomu mahali pake bila kuniangalia, maana ile ni ya majeruhi, ya kwenda nayo hospitali. Wa tatu alinielewa vizuri sana, tena akanihurumia. Tatizo, akasema, karatasi zote za ajali ile zimeshatolewa nakala zikawekwa pamoja, na zimefungiwa kwenye kabati, na mwenye ufunguo wa kabati amekwenda kozi.

Kabati tena.

Huko nyumbani kila mtu akawa mwanasheria. Jirani yangu akaniambia mambo ya vituo yamepitwa na wakati, siku hizi ripoti unajaza mtandaoni. Nikaingia, nikakuta ni ripoti ya upotevu: kitambulisho, leseni, kadi ya benki, laini ya simu. Mimi sikuwa nimepoteza kitu zaidi ya heshima, na hiyo haimo kwenye orodha.

Mtoto wa shangazi aliyeko Mombasa akapiga simu kujigamba. Kwao, anasema, taarifa inaandikwa kwenye OB, unapewa namba, na ripoti ya ajali unaifuata kituoni. Na wakikuzungusha unatoa Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 na sheria yao ya kupata habari ya 2016, unaandika kwa Kiswahili au Kiingereza upendavyo, na ofisi ina siku 21 kukujibu. Kama jambo linagusa uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. "Je, kioo kinagusa uhai?" nikamuuliza. Akasema inategemea na mke.

Mpwa wangu aliyeko Columbus, Ohio, ndiye aliyenitoa machozi. Kule watu wengi wanadhani sheria ya kuomba taarifa ya mwaka 1966 ndiyo ya kila kitu, kumbe hiyo ni ya ofisi za serikali kuu tu. Polisi wa mji wanafuata sheria ya jimbo lao. Na ya Ohio, anasema, unaomba ripoti ya awali ya tukio na hawawezi kukulazimisha kusema wewe ni nani wala unaitakia nini. Hebu fikiria. Mtu anaingia kituoni hana jina, hana sababu, anatoka na karatasi. Mimi nilishataja hadi kabila na bado naambiwa ufunguo uko kozi.

Aliyeniokoa ni Mwalimu, mstaafu wa nyumba ya tatu, ambaye hajawahi kuinua sauti tangu alipostaafu viboko. "Sisi tunayo sheria yetu," akasema. "Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, ya 2016 vilevile. Nayo inatoka kwenye Ibara ya 18 ya Katiba. Raia anaandika ombi, ofisi inajibu ndani ya siku 30. Wewe umeandika?"

Sikuwa nimeandika. Nilikuwa nimesema, nimeeleza, nimelalamika, nimenunua soda. Kuandika, hapana.

Nikaandika usiku ule kurasa tatu. Nilianza na siku niliyonunua gari. Mwalimu akachukua kalamu nyekundu (anazo bado, boksi zima) akabakiza aya mbili. Jina langu na namba yangu ya simu. Tarehe ya tukio, saa, mtaa, namba ya gari. RB iliyofuliwa haikutusumbua, kumbe ilikuwa imenakiliwa juu ya PF90 nikawa sijaiona. Kisha sentensi moja, ombi lenyewe: nakala ya maelezo yangu mimi, niliyotoa mimi, kaunta, siku hiyo. "Usiombe 'taarifa zote zinazohusika'," akanionya. "Ukiomba bahari utaambiwa subiri maji kupwa. Na maelezo ya yule mama na ya kijana usiyaguse, ni ya kwao. Na kama jambo lingekuwa bado linapelelezwa, wangekuwa na haki ya kukunyima." Juu kabisa akaweka YAH kwa herufi kubwa, akaipigia mstari kwa rula.

"Chapa mbili," akasema. "Moja waachie. Nyingine wagonge muhuri wa kupokelewa, na tarehe, urudi nayo. Usipokuwa na muhuri hukuandika, ulijiota."

Ule muhuri niliufuata kama mahari. Karani wa masjala aliutafuta, akaupata, wino umekauka, akaupumulia mara tatu kwa pumzi ndefu, akagonga. Ukatoka nusu. Nikamwomba arudie. Akarudia juu ya ule wa kwanza, kwa hiyo nakala yangu inaonyesha barua ilipokelewa tarehe mbili tofauti, moja ikiwa 38.

Siku ya tisa simu ikalia. Ufunguo umerudi kutoka kozi.

Nilimkuta kijana wa guta benchini, naye amefuata mambo yake. Akanipa habari kwamba binti ameshaolewa, fundi alipigilia ubao pale palipokuwa na kioo, na mama anasema hata ni bora hivyo, bwana harusi hatakuwa anajitazama sana. Kisha nikaitwa. Afande akanipa nakala ya ukurasa ule, umegongwa muhuri mzima, wenye tarehe ya kweli. Nikausoma nikiwa nimesimama. Mwandiko mzuri, wa shule za zamani. Maelezo yetu watatu yalikuwa yameshonwa kuwa hadithi moja, na mwisho wake ulisema hivi: kabati liliangukia gari dogo rangi ya kijivu, vioo vikavunjika, na mwenye kioo alikaa chini akalia sana.

Vioo! Nilikaribia kumkumbatia afande. Nikaenda moja kwa moja bima, sikupita hata kula. Dada wa madai akashusha kidole chake, mstari kwa mstari. Kikapita kwenye "gari dogo". Kikapita kwenye "vioo", na nikamwona anatingisha kichwa kukubali. Kikafika mwisho. Kikasimama.

"Mwenye kioo alikaa chini akalia sana," akasoma. Akaniangalia. "Baba, wewe ulilia?"

"Siku ile sikulia, dada," nikasema. "Nililia kesho yake, kwa fundi vioo, aliponitajia bei."

Akafikiri kidogo, akavuta fomu nyingine, akaanza kuandika.